Sabufa ya inchi 12 sebuleni: jikoni inaunguruma, kwenye kochi sisikii kitu. Ninunue ya 15?

Kochi la Kati (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima mbele. Nimehamia kwangu mwezi wa pili (nyumba haijaisha, msiniombe picha za nje). Baada ya kupanga miaka tisa chini ya mwenye nyumba asiyetaka kelele, nilijiapiza kwamba siku nikiingia kwangu sebule lazima iwe na mziki wa maana. Nikachukua resiva ya mtumba, spika mbili za mbele za jamaa aliyekuwa anahama nchi, na sabufa (spika ya besi) yenye wufa, lile duara linalotikisika, ya inchi 12. Kasha zito kweli, tulilibeba wawili.

Kilichonikuta: nikikaa kwenye kochi kubwa, besi hakuna. Yaani ipo noti moja tu, ile "buu, buu". Dansi buu, taarabu buu, singeli ndiyo usiseme. Gitaa la besi likishuka chini linapotea kabisa, kama mpigaji kaenda kunywa maji. Wakati huohuo mama watoto yuko jikoni anapaza sauti nipunguze, sufuria zinatetemeka kabatini. Mimi niliyekaa mbele ya mtambo ndiyo kwanza naongeza ili nisikie.

Vipimo: urefu mita 5.2, upana 3.6, dari la jipsamu kimo mita 2.8. Ukuta wa block na plasta, chini tailizi. TV iko ukuta mfupi, sabufa iko pembeni tu ya stendi ya TV, karibu na kati ya ukuta. Kochi la watu watatu liko katikati ya chumba maana nyuma yake kuna meza ya chakula, halafu ndiyo mlango wa jikoni.

Kuna mtu anauza ya inchi 15. Niuze hii nichukue ile?

Mtaa wa Saba

Chukua ya 15 mkuu, acha ubahili. Besi ni ukubwa, hakuna siri nyingine. Jirani yangu ana redio ya sabufa wati 12,000, imeandikwa kabisa kwenye boksi, akiwasha hata mimi silali.

Dada Mizani

Mtaa wa Saba, nenda kwa jirani, geuza hiyo redio, kuna kibati nyuma kinachosema inakula umeme wati ngapi. Kama kimeandikwa 90, hizo 11,910 zilizobaki inazitoa wapi, bwawa la umeme la Mtera?

Mtaa wa Saba

😂😂 Dada umeniua. Nitamwambia.

Mzee wa Kasha

Kochi la Kati, usiuze kitu. Nimesoma vipimo vyako mara mbili nikacheka, na si kwa dharau. Umekaa mahali pabaya kuliko pote humo ndani, na sabufa umeiweka mahali panapozidisha ubaya. Hata ungekusudia kukosea usingelenga hivyo.

Sauti kwenye joto letu la pwani inakwenda kama mita 348 kwa sekunde. Noti ya 33 Hz (mitetemo 33 kwa sekunde), wimbi lake moja lina urefu wa zaidi ya mita 10. Sebule yako ina mita 5.2. Kwa hiyo wimbi linagonga ukuta wa nyuma, linarudi juu ya lile linalokuja, na kwa noti fulani fulani yanasimama palepale: pengine panakuwa kilima (sauti inazidi), pengine shimo (sauti inapotea). Kuijua noti ya kwanza, gawa 174 (nusu ya ile 348) kwa kipimo cha chumba. Kwa urefu wako inakuja 33 na kidogo. Kwa upana, 48. Kwa kimo, 62. Na kila moja ina nyingine ya mara mbili yake, kwa hiyo urefu unakuletea tena 67.

Sasa angalia vilima viko wapi. Ile 33 ina kilima ukuta wa mbele na kilima ukuta wa nyuma, shimo ni katikati kabisa. Kochi lako liko wapi? Ile 48 ina vilima kwenye kuta za pembeni, shimo ni kwenye mstari wa kati wa upana, ulikokaa kuangalia TV. Na sabufa nayo iko karibu na mstari huohuo, kwa hiyo noti hiyo haiiamshi hata kidogo. Halafu 67. Hii ina vilima vitatu: mbele, nyuma na katikati. Katikati, kaka, juu ya kochi. Hiyo ndiyo "buu" yako. Na 62 ya dari imekaa jirani yake inaipiga tafu.

Shemeji huko nyuma karibu na ukuta, noti zote za urefu kwake ni kilima. Ana haki ya kulalamika.

Ukileta inchi 15, shimo litabaki palepale, na "buu" itaota ndevu.

Kochi la Kati

Mzee, nimesoma nimepata baridi. Kwa hiyo hela yangu yote shida ni kochi?

Mzee wa Kasha

Kochi na mahali pa sabufa. Chumba ndicho spika kubwa kuliko zote ulizonazo, na hicho hukukinunua Kariakoo.

Mtaa wa Saba

Nauliza kwa nia njema: si aende kwenye ekwalaiza aongeze hiyo 33 na 48, apunguze 67, akae alipokaa?

Dada Mizani

Kupunguza 67, sawa, hilo ekwalaiza inaliweza, na hata hizi resiva zenye maikrofoni yake ndicho kitu zinachokifanya vizuri. Kuongeza 33 kwenye shimo ni kutwanga maji kinuni. Pale kwenye shimo sauti inayokuja inafutwa na inayorudi. Ukiongeza inayokuja, inayorudi nayo imeongezeka, zinafutana vilevile. Desibeli 10 za nyongeza ni nguvu mara kumi ya amplifaya. Sabufa iliyokuwa inakula wati 30 inadaiwa 300, koni ya wufa inatoka nje ya mdomo, halafu kwenye kochi unasikia nini? Harufu ya koili.

Besimenti

Naomba niongeze kitu nikiwa huku Minnesota, mwaka wa kumi na moja sasa. Wengi mnajifunzia kwenye video za wenzetu wa huku. Kumbukeni nyumba zao ni fremu za mbao, bodi ya jipsamu upande wa ndani, na kuta za nje zina pamba ya kuzuia baridi katikati. Besi ikigonga ukuta wa namna hiyo, ukuta wenyewe unatikisika na kula sehemu yake, nyingine inatoka nje. Kwa hiyo vilima vyao ni vifupi. Nyumba ya block na plasta haili kitu. Besi inarudi karibu nzima, kilima kinakuwa kirefu na noti inaendelea kulia baada ya ngoma kunyamaza. Mimi nilikuwa na sabufa sebuleni juu, safi kabisa. Nikaihamishia chini besimenti, kuta za zege. Nilikutana na "buu" ileile ya Kochi la Kati. Nilidhani imeharibika kwenye ngazi.

Mzee wa Kasha

Umesema kweli tupu. Ndiyo maana ushauri wa "kila kitu pembeni ya chumba, kona ina besi nyingi" unatuangamiza huku. Kona inaamsha noti zote za chumba kwa pamoja. Kwenye nyumba ya mbao unaweza kuvumilia. Kwenye block utaisikia kona yenyewe inaimba.

Hosteli B

Wakuu, nami nina swali dogo. Chumba changu nimebandika trei za mayai ukutani, nimetumia trei 60. Je, nizipange na kwenye kona ili besi itulie?

Dada Mizani

Mdogo wangu, mayai yenyewe mlikula wangapi? 😂

Ukuta wa kumeza besi lazima uwe na unene unaolingana na wimbi. Robo ya wimbi la 67 Hz ni mita 1.3. Trei ni karatasi ya unene wa kidole. Haizuii hata mazungumzo, achilia mbali besi. Usibandike pazia ukatarajia muujiza kwenye noti za chini. Zulia na pazia zito vina kazi yake, ila kazi nyingine: simama katikati ya chumba chenye tailizi, piga kofi moja kali. Utasikia mlio kama waya wa chuma unaokwaruzwa, "tiiirr". Hilo zulia linaliua, na sauti za waimbaji zinasafika papo hapo.

Hosteli B

Sawa dada. Trei nizipeleke wapi sasa?

Mtaa wa Saba

Rudisha kwa muuza mayai, utapewa hela.

Mzee wa Kasha

Turudi kwa mwenye uzi. Kaka, hapo ulipo huhitaji kununua hata waya. Fanya hivi. Subiri siku watoto wako shule. Toa matakia, weka sabufa juu ya kochi, pale unapokaliaga wewe. Ndiyo, juu ya kochi. Weka wimbo wenye besi inayotembea, inayopanda na kushuka ngazi, usiweke ya mdundo mmoja. Rumba la zamani linafaa sana, besi yake haikai sehemu moja. Halafu wewe piga magoti, tembea kwa magoti kufuata ukuta, sikio lako liwe kimo cha sabufa. Pale utakaposikia kila noti ina uzito sawa na mwenzake, hakuna inayoruka wala inayozama, weka alama ya chaki. Hapo ndipo sabufa itakaa.

Inafanya kazi kwa sababu njia kutoka A kwenda B ni sawasawa na kutoka B kwenda A. Sabufa ikiwa kwenye kochi na sikio kwenye kona, utasikia kilekile utakachosikia ukibadilishana nayo nafasi.

Ila kabla ya hapo sogeza kochi. Usiliache nusu ya chumba. Lirudishe nyuma mpaka kichwa chako kiwe kama mita 3.2 kutoka ukuta wa TV. Meza ya chakula nayo ipige ukutani.

Kochi la Kati

Meza kupigwa ukutani lazima kikao cha familia. Nitarudi.

Kizingo

Hamjambo wakubwa. Mimi niko Mombasa, huu uzi naufuata tangu jana. Yangu ni shida ya kasha, naomba msaada. Nalikuwa na wufa ya gari inchi 12, nikampa fundi anichongee kasha la nyumbani. Kachonga vizuri, plaiwudi nzuri ya baharini, kapaka na vanishi. Ndani ni lita 60 nimehesabu mwenyewe, nimeshatoa nafasi ya wufa na ya bomba. Tundu katia bomba la maji la inchi 4, kalikata sentimita 10. Linapiga, lakini ni mdundo wa matatu: sauti moja tu, na chini yake hakuna kitu. Chumba changu si kama cha ndugu hapo juu, nimehamisha kila pembe, ni vilevile hata barazani.

Mzee wa Kasha

Hata barazani ni vilevile? Basi hicho si chumba, ni bomba.

Kasha lenye tundu ni kama chupa ya soda unayoipuliza mdomoni. Hewa ya ndani ni springi, hewa iliyo kwenye bomba ni uzito, na vikikutana vina noti yao moja. Hesabu yake iko hivi, bomba likipimwa kwa sentimita na kasha kwa lita: chukua kipenyo cha bomba, kizidishe kwa chenyewe, kisha zidisha kwa 23,560. Gawa kwa noti unayotaka iliyozidishwa kwa yenyewe, gawa tena kwa lita. Jibu toa asilimia 73 ya kipenyo. Kinachobaki ndicho urefu wa bomba.

Yako: kipenyo tuseme 10, lita 60. Ukitaka 30 Hz bomba linatakiwa kuwa sentimita 36. Fundi kakata 10. Nimerudisha hesabu kinyumenyume, amekupa kasha linaloimba 47 au 48 Hz. Hiyo ndiyo matatu uliyoisikia.

Na uko kwenye hatari ambayo hujaiona bado. Chini ya noti ya kasha, hewa haiishiki koni tena. Koni inapepea kama shati kwenye kamba, unaiona inakwenda mbele na nyuma na sauti haitoki. Ukipiga kwa nguvu wimbo wenye 25 Hz kwenye kasha la 48, wufa itagonga chuma nyuma.

Kizingo

Subhanallah. Kugonga nimeshasikia, "tak tak", nikadhani ni wimbo.

Mzee wa Kasha

Punguza sauti leo. Nunua bomba jipya, kata 38 kwanza halafu punguza kidogo kidogo; kufupisha unaweza, kurefusha huwezi. Angalia mwisho wake wa ndani usikaribie ukuta wa nyuma, uache nafasi angalau sawa na kipenyo chake. Kama kasha ni fupi, tumia kona ya bomba, ile elbo ya mafundi bomba, haina tatizo.

Na kabla ya hayo yote tafuta karatasi ya vipimo ya wufa yenyewe. Kuna vipimo vitatu humo: Fs (noti ya wufa yenyewe), Qts (inavyojizuia kutikisika) na Vas (lita za hewa zenye ulaini sawa na springi yake). Hizo zinatokana na kazi ya Neville Thiele wa Australia, aliyoiandika mwaka 1961, ikaja kukamilishwa na Richard Small mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kabla yao watu walichonga makasha kwa kubahatisha, na mafundi wetu wengi bado wako mwaka 1960. Fundi akikuuliza tu "inchi ngapi?" asiulize Vas, ujue anachonga kabati.

Wufa nyingi za gari hazipendi kasha kubwa lenye tundu. Kama karatasi inakuonyesha Qts ya juu, tuseme 0.5 na kuendelea, ziba tundu kabisa. Kasha lililofungwa linashuka polepole, desibeli 12 kila noti ikishuka nusu. Lenye tundu linaporomoka 24. Kwenye chumba kidogo cha block, ambako chumba chenyewe kinaongeza chini, lililofungwa mara nyingi linasikika sawa zaidi. Mimi yangu mawili yote yamefungwa, nimeshazeeka na matundu.

Dada Mizani

Nakubaliana na Mzee isipokuwa mwisho. Kasha lenye tundu lililopigiwa hesabu, noti ikiwa 25 au chini, halina ubaya wowote. Mzee ana kisasi na matundu tangu nimjue humu.

Mzee wa Kasha

Nina sababu zangu.

Hosteli B

MDF au plaiwudi?

Mzee wa Kasha

MDF (ule ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa) ya milimita 18 inakaa kimya kuliko plaiwudi nyingi na haina mapengo ya ndani. Lakini pwani, ikipigiwa deki na maji yakaingia chini, inavimba kama mkate. Inua kasha kwa miguu ya mpira, paka rangi pande zote hata chini. Ukikata vaa barakoa, vumbi lake ni baya. Ndani weka mkanda wa mbao kutoka ubavu hadi ubavu, gonga kwa kidole usikie "tok" fupi, siyo "bong". Silikoni kila kiungo. Hewa ikivuja mahali padogo utasikia "fssss" kwenye kila besi.

Kochi la Kati

Nimerudi. Mrejesho wa kwanza.

Jumamosi asubuhi watoto wakaenda kwa bibi yao. Nikaweka sabufa juu ya kochi, nikapiga magoti, sikio sakafuni, naelekea kona ya TV huku rumba linapiga. Sijui mlango ulifunguliwa saa ngapi. Nimeinua uso namuona mama watoto na jirani yetu mama Fulani wamesimama na mboga, na sabufa imeketi kwenye kochi kama mgeni rasmi. Jirani akauliza, "Baba kapoteza pete?" Nikasema ndiyo.

Tuache hayo. Mzee, nimeamini. Kona ya kulia: buu. Pale pa zamani jirani ya TV: buu. Nikafuata ukuta wa kushoto, nikatoka kwenye kona polepole, na kama mita moja na robo, moja na nusu hivi kutoka ukuta wa TV, "buu" ikazama na lile gitaa likatokea. Nilikaa pale dakika mbili nzima. Ukizidi hapo kuelekea katikati ya ukuta, inarudi.

Mzee wa Kasha

Mita 1.3. Robo ya urefu wa chumba chako. Hapo 67 ina shimo lake, na sabufa iliyokaa kwenye shimo la noti haiwezi kuiamsha. Mimi nilijua utaishia hapo, nikanyamaza ili ulisikie mwenyewe, maana ningekwambia namba ungesema ni nadharia.

Mtaa wa Saba

Mzee huyu ni mchawi.

Kochi la Kati

Sasa kuna mengine mawili. Moja, besi ilipokaa sawa nimeanza kusikia mlio kama nyuki kwenye bati, sauti ikipanda. Pili, sauti ya kiume kwenye spika za mbele inakuwa nyembamba, kama mtu ana mafua. Spika nimeziweka juu ya stendi, nimezivuta mbele maana niliambiwa zisikae karibu na ukuta. Ziko kama sentimita 60 kutoka ukuta wa nyuma yake.

Besimenti

Nyuki: zamu kwa zamu shika kila kitu wakati noti ndefu inalia. Mimi ilikuwa fremu ya picha ya harusi.

Dada Mizani

Nyumba zetu mshukiwa wa kwanza ni madirisha ya aluminiamu ya kusukuma. Kunja karatasi, ingiza kati ya kioo kimoja na kingine pale vinapopishana. Mshukiwa wa pili ni kile kifuniko cha kupandia darini kwenye jipsamu, kimewekwa tu hakijabanwa. Kibandike ukanda wa sponji pembeni.

Mafua ya muimbaji: gawa 87 (robo ya ile 348 ya Mzee) kwa umbali wa spika kutoka ukuta, kwa mita. Yako 0.6, unapata 145 Hz. Sauti inayozunguka nyuma, ikagonga ukuta na kurudi, inafika ikiwa imepinduka na kuifuta ile ya mbele kwenye noti hiyo. Na 145 ni kifua cha mwanamume. Ukizivuta mpaka mita moja shimo linashuka 87, unakaribia mpaka wa sabufa, noti ambayo spika zinaiachia kazi. Ukizisukuma hadi sentimita 25, shimo linapanda karibu 350 na linakuwa dogo, maana huko spika imeanza kutupa sauti mbele zaidi kuliko nyuma. Sebule ya 3.6 mimi ningezisukuma. Sabufa yeye akae kwenye ukuta bila wasiwasi: akiwa sentimita 30 shimo lake liko 290 Hz, na huko yeye hafiki.

Kingine, masikio yako na twita (zile spika ndogo za sauti nyembamba) ziwe kimo kimoja, na umbali kati ya spika na spika ulingane na umbali wa kila spika hadi kwako au upungue kidogo. Upana wako hauruhusu pembetatu kamili, usijali.

Kochi la Kati

Na ile swichi nyuma ya sabufa, 0 na 180?

Dada Mizani

Hiyo inapindua wimbi la sabufa. Weka mpaka wa sabufa na spika kwenye resiva uwe 80 Hz. Piga noti ya 80 peke yake, ziko bure mtandaoni, kaa kwenye kochi, mtu mwingine ageuze swichi. Upande unaosikika kwa nguvu zaidi ndio sahihi. Kubwa kuliko nyingine. Basi.

Ukitaka kuona kwa macho badala ya kubishana na masikio, kuna programu ya bure inaitwa REW, inakaa kwenye kompyuta. Maikrofoni ya kupimia ya USB ndiyo yenye gharama. Mimi nina UMIK-1, na imenimalizia ugomvi mwingi. Simu inasaidia kulinganisha hapa na pale, ila maikrofoni nyingi za simu zinakata noti za chini, usiamini namba yenyewe.

Hosteli B

Mtu akinunua sabufa mbili ndogo badala ya moja kubwa?

Mzee wa Kasha

Sasa hilo ndilo swali la mwaka. Todd Welti, mtafiti wa kampuni ya vifaa vya sauti ya Harman, alilichimba, kazi yake ikatoka mwaka 2002: sabufa ngapi, zikae wapi, ili watu wote kwenye viti wasikie besi inayofanana. Aliyoyaona ni kwamba mbili zikiwekwa katikati ya kuta zinazotazamana zinafanya kazi kubwa sana, nne zinazidi kidogo, na zaidi ya hapo faida ni ndogo mno. Ukiweka moja katikati ya ukuta wa kushoto na moja katikati ya ukuta wa kulia, ile noti ya kwanza ya upana inasukumwa kushoto na kuvutwa kulia kwa wakati mmoja, inakosa mwelekeo, inatulia. Anayekaa katikati na anayekaa pembeni wanasikia kitu kimoja.

Mimi nikipewa hela ya inchi 15 moja ningenunua inchi 10 mbili, bila kufikiri.

Mtaa wa Saba

Lakini inchi 15 ukiitazama tu inatia heshima.

Mzee wa Kasha

Hilo siwezi kulipinga.

Kizingo

Assalaam alaykum, nami nilete habari. Bomba nimekata 38, nikajaribu, nikapunguza hadi 36. Fundi mwenyewe alikuja kusikiza. Alikaa kimya, halafu akaomba ile hesabu nimwandikie. Amebandika karatasi ukutani kwake karakana. Karatasi ya wufa bado naitafuta, mwenye duka anasema hajawahi kuulizwa.

Kochi la Kati

Mrejesho wa mwisho, halafu niwaache mpumzike.

Kikao cha familia kilichukua siku tatu. Meza ya chakula imepigwa ukutani, kwa masharti kwamba Krismasi inarudi kati. Kochi liko mita 3.2. Sabufa ukuta wa kushoto, mita 1.3, imegeuka stuli ya kuwekea jagi la maji (nimezuia jagi, wameweka maua). Spika zimerudi ukutani, muimbaji amepona mafua. Nyuki alikuwa dirisha, karatasi ya daftari la mtoto imemmaliza. Sauti ya sabufa nimeishusha karibu nusu ya nilivyokuwa naweka zamani, na jikoni kumetulia.

Jana usiku nimesikiliza wimbo ninaoujua tangu niko darasa la sita. Kuna mahali besi inateremka noti nne kabla kiitikio hakijaanza. Nilikuwa sijui kama zipo. Nimezirudia mpaka mtoto akaja kuuliza kama redio imekwama.

Imebaki 48. Mzee uliisema: nikikaa katikati kabisa bado ina shimo, nikihamia mwisho wa kochi upande wa sabufa inakuja yote. Shida ni kwamba upande huo ndio anaokaaga mama watoto, na tangu nimweleze kwa nini nataka tubadilishane, hataki kuondoka.

Mzee wa Kasha

Ungenyamaza, kaka.

Mtaa wa Saba

Kwa hiyo ile ya inchi 15 bado ipo? Nipe namba ya muuzaji PM.

Dada Mizani

Sebule yako mita ngapi kwa ngapi?